Mzigo Uliokaukia Chumbani Kwangu

Jumamosi, 1 Juni 2024

Upepo wa mashariki, baridi kavu. Mahindi bado yamesimama.

Shemeji Oswaldi ameleta bangi alfajiri kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mafungu matano, juu amefunika mabua ya ulezi. Tumeitundika chumba cha nyuma, vichwa chini, kwenye kamba nilizozifunga jana. Dirisha nimeliziba kwa gunia. Mlango una kufuli. Aliomba ufunguo wa pili nikamwambia kufuli hii ilikuja na ufunguo mmoja. Alijua ni uongo, na mimi nilijua anajua.

Naandika sababu ya kukubali, nisije nikajidanganya baadaye. Gabriel, mume wangu, alifariki Agosti mwaka jana kwa ugonjwa wa kifua. Hatukujaliwa mtoto. Tarehe 3 Agosti mwaka huu itasomwa misa yake ya mwaka, na baada ya misa ukoo utakaa kuamua nani ashike nyumba hii na shamba la eka tatu. Oswaldi ni kaka mkubwa wa Gabriel na ndiye msemaji wa ukoo. Amesema nikimkaushia mzigo wake atanisemea nibaki. Nisipomkaushia atakaa kimya. Kaka mkubwa akikaa kimya kikaoni, mjane anafunga virago kabla chai haijapoa.

Amenichagua kwa sababu nilitunza stoo ya mbegu Sumbawanga miaka sita, nikiwa nimepanga Chanji, na najua unyevu. Sababu ya pili hakuisema, naiandika mimi: polisi wakija, nyumba ni ya Scola, yaani mimi.

Jumapili, 2 Juni

Misa Kate, saa moja kwenda kwa miguu, saa moja kurudi. Mama mkwe, Mama Agnesi, alikaa benchi la mbele yangu akaweka kanga yake kwenye nafasi iliyobaki.

Kijiti kinapinda.

(Ndicho kipimo changu. Navunja kijiti kimoja kutoka katikati ya fungu. Kikipinda, bado kuna maji. Kikivunjika kwa mlio, mzigo uingie kwenye ndoo na kufungwa. Kuufunga mapema ni kufuga kuvu.)

Jumanne, 4 Juni

Kijiti kinapinda. Nimeanza kuvuna maharage.

Alhamisi, 6 Juni

Mama Agnesi amekuja mpaka mlangoni. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na uwanja mmoja tu, na kwa mwaka mzima hajauvuka kwa hiari yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia akitazama ukuta. Akauliza kwa nini dirisha la nyuma lina gunia. Nikasema baridi.

"Gabriel alilala dirisha wazi tangu utotoni."

"Ndiyo, mama. Akafa kwa kifua."

Sikupaswa kusema hivyo. Ameondoka bila kuaga. Nimeandika hapa kwamba sikupaswa, lakini sijajuta.

Jumapili, 9 Juni

Kijiti kinapinda. Sehemu za nje za vichwa zimeanza kukauka, ndani bado. Nimepunguza upepo kwa kushusha gunia la pili. Upepo wa Ufipa mwezi huu unaweza kukausha ngozi ya ng'ombe kwa siku mbili, na huu mzigo ukikimbizwa unageuka nyasi.

Alhamisi, 13 Juni

Oswaldi amekuja kukagua. Alisimama katikati ya chumba akasema nachelewesha. Yeye alianika dagaa Kirando miaka tisa kabla ya kurudi huku kulima, na kwa akili yake hakuna kitu duniani kisichokaushwa na jua.

"Dagaa asubuhi mbichi, jioni analia mkononi. Wewe siku kumi na mbili unapuliza puliza tu."

"Hii si dagaa, shemeji."

"Kila kitu ni dagaa kikiwa kibichi."

Nimemwambia mnunuzi aliagiza vichwa vyenye kunata na harufu, na kwamba jua litaondoa vyote viwili. Akasema mwanamke aliyesoma ni kazi kumwoa na kazi kumrithi. Nimefunga mlango, na ufunguo nimeuweka kifuani.

Jumamosi, 15 Juni

Kijiti kimevunjika. Mafungu yote matano. Nimepukuta majani, vichwa nimeviweka kwenye ndoo tatu zenye mifuniko, chini ya kitanda changu. Kila asubuhi nitazifungua zipumue dakika kumi, kisha nazifunga. Harufu imebadilika. Ilikuwa kama majani yaliyofyekwa, sasa ni nzito na tamu, inakaa kooni.

Kazi nzuri. Naliandika hilo bila kujisifu.

Jumapili, 16 Juni

Oswaldi ameleta mafungu mengine tisa.

Hayakuwamo katika makubaliano. Yamekatwa jana na umande wake, manene, mabichi kabisa. Nilisimama mlangoni. Akasema nikikataa atayaacha uwanjani na mama yake atayaona. Akaanza kweli kushusha la kwanza pale nje. Nikasogea akapita.

Chumba kimejaa. Nimelazimika kufunga kamba mpaka juu ya kitanda. Nalala chini yake.

Jumanne, 18 Juni

Kijiti kinapinda. Harufu imefika sebuleni.

Jumatano, 19 Juni

Christopha, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo, amepita kunikumbusha kwamba Jumamosi hii sala ni nyumbani kwangu. Nilikuwa nimesahau. Mimi, ninayeandika kila kitu.

Jumuiya yetu ina nyumba kumi na moja na kila Jumamosi asubuhi inasali nyumba moja, kwa zamu. Nimemwomba tubadilishane na nyumba inayofuata. Akauliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akauliza kama nina mgeni. Nikasema hapana. Akasema kwa upole kwamba mjane akikataa sala watu watasema ana mwanamume ndani.

Ningekuwa na mwanamume ndani ningelala usingizi.

Alhamisi, 20 Juni

Nimemwendea Oswaldi ahamishe mzigo kwa siku moja. Amecheka. Kwake kuna mke na watoto sita, kwangu kuna nafasi. Amesema nifukize ubani.

Badala yake nimetandaza kimea cha ulezi sebuleni. Nilikuwa na debe mbili zilizoota kwa ajili ya pombe ya misa ya mwaka. Nimezilowesha tena zikachacha. Kimea kilichochacha kinanuka kuliko dhambi yoyote.

Jumamosi, 22 Juni

Wamekuja watu kumi na wanane. Nitaandika yote.

Walipoingia waliziba pua, na Christopha akasema kwa utani kwamba mwaka huu marehemu atanywewa pombe ya siki. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimepanga mikeka ili mlango wa chumba cha nyuma uwe nyuma yangu mimi. Rhoda akachelewa. Rhoda ni jirani yangu wa upande wa bondeni, mashamba yetu yanapakana. Alipoingia hakukaa ilipobaki nafasi. Alipita katikati ya watu, akisema samahani samahani, akakaa pembeni yangu, mgongo kwenye ule mlango.

Injili ilisomwa, na tafakari ikachukua muda mrefu. Rhoda alikuwa amefumba macho, anavuta pumzi taratibu kwa pua kama mtu anayenusa mboga jikoni kwa mwenzake.

Yakaja maombi ya waamini, ambapo kila mtu anaombea anachotaka na sisi tunaitikia. Mtu aliombea mavuno. Mtu aliombea mtoto aliye hospitali. Mama Agnesi aliombea roho ya mwanawe Gabriel, apate pumziko ambalo hakulipata nyumbani kwake. Nikaitikia pamoja na wengine, Ee Bwana utusikie. Kisha Rhoda akafumbua macho.

"Tuwaombee wajane wa jumuiya yetu. Bwana awaepushe na wanaowapa vitu vya kuficha. Na wakishavipokea, awape majirani wenye mdomo mzito."

"Ee Bwana utusikie," watu wote wakasema. Nikasema na mimi. Sauti yangu ilitoka sawasawa.

Baada ya chai walitawanyika. Rhoda alibaki ananisaidia kuosha vikombe, jambo ambalo hajawahi kufanya. Akaniambia ana shida ndogo ya eneo la bustani, na kwamba kile kipande changu cha bondeni, karibu na kijito, nilikuwa sikitumii. Angependa apande kabichi. Nikaendelea kuosha. Akaweka kikombe cha mwisho juu ya vingine, akakausha mikono kwenye kanga yangu.

"Basi jirani, Jumatatu nitaanza kulima."

Jumatatu, 24 Juni

Ameanza kulima.

Kijiti kinapinda.

Jumanne, 25 Juni

Nimepima kwa hatua. Kipande anacholima Rhoda ni kama robo eka, ndicho kizuri kuliko vyote, udongo mweusi. Nilikubali bangi ili nisipoteze eka tatu. Sasa nina mbili na robo tatu, na kikao bado wiki tano.

Mpaka juzi nilimchukulia Rhoda kama mpumbavu mwenye kelele. Si mpumbavu. Alisali kwa ufundi.

Ijumaa, 28 Juni

Baridi kali, nyasi zilikuwa nyeupe asubuhi. Kijiti kinapinda lakini kwa shida, karibu kinavunjika. Nahesabu siku tatu, labda nne. Nimemwambia Oswaldi hivyo uwanjani. Akasema Amos, mnunuzi wa Kirando, anakuja Jumapili ya tarehe saba. Nikasema basi tuna muda wa kutosha. Akasema kwa ng'ombe anayelala hata mwaka ni muda wa kutosha.

Jumapili, 30 Juni

Nilikwenda misa peke yangu. Mahubiri yalikuwa marefu, nilirudi saa saba kasoro.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Kufuli ilikuwa bado imefungwa, inaning'inia kwenye chuma chake. Oswaldi alikuwa amefungua skrubu za bawaba.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mwamba mpana ambao ukoo wote huanikia ulezi. Juu yake Oswaldi alikuwa ametandaza turubai, na juu ya turubai mafungu yote tisa, yamefunguliwa, yamechambuliwa kwa vidole kama dagaa wanavyotenganishwa wasigandamane, chini ya jua la mchana. Mwenyewe alikaa kwenye jiwe na kofia ya majani, fimbo mkononi, anafukuza kuku. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya jambo jema. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Alidhani nitamshukuru.

"Sikia," akaniambia. Akachukua kichwa kimoja akakiponda. Kilisagika, kikawa vumbi, upepo ukalipeperusha. "Saa nne tu, shemeji. Saa nne. Wewe ulitaka mwezi."

Nilishika kingine. Kijiti kilivunjika kwa mlio. Nikanusa, kilinuka mabua, hakikuwa na kitu kingine. Zilibaki siku mbili tu.

Ndipo nilipoinua macho. Hatua thelathini kutoka mwamba, ng'ombe wa Shigela walikuwa wamesimama wakitafuna, na Shigela mwenyewe ameegemea fimbo yake, anatutazama. Shigela ni Msukuma, aliingia huku na mifugo yake miaka minne iliyopita. Wakati wa msiba wa Gabriel alileta maziwa siku tisa mfululizo, na hakuna Mfipa wa kitongoji hiki aliyefanya vile. Nilikuwa nikimhesabu ndiye mtu mwema kuliko wote huku.

Alinyanyua mkono kutusalimu. Oswaldi naye akanyanyua, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Wasukuma hawajui mimea. Wasukuma wanalima pamba, tumbaku na mpunga. Nani hapa asiyejua mimea?

Jumatatu, 1 Julai

Nimebadilisha skrubu. Nimeweka misumari.

Jumatano, 3 Julai

Ng'ombe wa Shigela wameingia shambani kwangu. Nilishavuna mahindi upande wa juu na mabua niliyaacha niyafukie. Nilimkuta amekaa kwenye kichuguu anachonga mpini.

Nilimwambia awatoe. Akasimama, akanipa heshima zote, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akasema ng'ombe wana njaa.

"Nitakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Shigela."

"Nenda mayu. Na mimi nitakuja nieleze kwa nini Jumapili ng'ombe walinipotea. Nilikuwa natazama nini mpaka wakanipotea."

Alisema bila hasira, akarudi kwenye mpini wake. Nilirudi nyumbani. Jioni mabua yalikuwa yamekwisha na ng'ombe walishaanza kukanyaga ulezi ambao haujavunwa.

Nimefikiri kuhusu yale maziwa ya siku tisa. Sidhani yalikuwa ya uongo. Mtu anaweza kuleta maziwa kweli, na akipata kamba ya kukufunga akaivuta, naye ni mtu yule yule. Ningekuwa na ng'ombe arobaini na kiangazi kimefika, ningeivuta.

Alhamisi, 4 Julai

Ng'ombe.

Ijumaa, 5 Julai

Ng'ombe. Rhoda amepandikiza kabichi, na ameng'oa mti mmoja wa mpaka kwa sababu, anasema, ulikuwa unatia kivuli.

Jumapili, 7 Julai

Amos alifika saa nne kwa pikipiki. Ni mtu mfupi, msafi, anaongea kama anayelipia maneno. Oswaldi alimwonyesha kwanza gunia la mzigo wa jua. Amos alitia mkono, akatoa vumbi, akalinusa, akajifuta kwenye suruali.

"Hii nyasi."

Oswaldi akaeleza kwamba imekauka vizuri, asikilize inavyolia. Amos hakusikiliza. Nikaleta ndoo tatu kutoka chini ya kitanda. Alifungua ya kwanza akainama juu yake. Alichukua kichwa kimoja, akakibonyeza kikarudi polepole, vidole vikanata. Akafunga mfuniko kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo niliyoifuata. Nani amekausha?"

Oswaldi akatazama mwamba. Mwishowe akasema ni huyu hapa, akinionyesha kwa kidevu.

Amos amechukua ndoo tatu. Gunia ameliacha. Alipoondoka Oswaldi alinigeukia akasema mafungu tisa yameharibika kwa uzembe wangu, kwamba ningeyawahi yeye asingelazimika. Nilimwambia alibebe gunia lake. Akasema liko nyumbani kwangu, basi ni langu, na akaenda.

Jumatatu, 8 Julai

Gunia lipo. Mwaka juzi mtu wa bondeni alikutwa na debe moja tu. Hajarudi mpaka leo. Nimelikalia asubuhi nzima nikiwaza.

Kulichoma haiwezekani, moshi utaita kijiji. Nimelipeleka shambani kwenye toroli, chini ya samadi. Mwezi Machi nilitengeneza intumba upande wa chini, yale matuta ya duara tunayofukia nyasi zioze mpaka mvua. Nimefumua sita, nikagawanya mzigo, nikafunika kwa udongo na kushindilia kwa jembe. Intumba zinapika chochote. Novemba haitakuwa nyasi wala bangi, itakuwa udongo.

Jumatano, 10 Julai

Ng'ombe. Ulezi uliobaki hauzidi debe tano. Nimeuvuna leo haraka, nusu yake bado laini.

Jumapili, 14 Julai

Sina la kuandika. Baridi.

Alhamisi, 18 Julai

Mama Agnesi ametupa majivu yake upande wangu wa uwanja. Yalikuwa bado na moto.

Jumapili, 21 Julai

Oswaldi amekuja na sukari kilo mbili. Nilijua kuna jambo.

Akakaa. Akauliza afya. Akasema Amos amempigia, anataka ndoo nyingine kama zile tatu, nyingi, mwakani. Akasema amekosea kuhusu jua na yeye ni mwanamume wa kukiri. Kisha akanieleza mipango. Mwakani atapanda eka nzima, katikati ya mahindi. Atapanda kwenye shamba langu, siyo lake.

"Lakini kikao bado, shemeji," nikasema. "Shamba si langu."

"Litakuwa lako. Tarehe tatu nitasimama niseme Scola ashike shamba, na Romani mwenyekiti wa kitongoji ataandika jina lako mbele ya mashahidi. Sikukuahidi?"

"Uliniahidi."

"Basi. Jina lako, shamba lako." Akainuka, akagonga ukuta wa chumba cha nyuma kwa kiganja. "Hapa tutatoboa tuongeze chumba cha pili."

Nimeelewa nikiwa nimeshika sukari yake. Miezi miwili nimeogopa kwamba hatatimiza ahadi. Ilinipasa niogope kwamba ataitimiza. Shamba likiwa kwa jina langu, bangi ni ya kwangu, jela ni ya kwangu, na yeye ni shemeji anayenipitia kunisalimu. Sitaweza kukataa, kwa sababu ataweza kusema. Rhoda atahama kutoka kijitoni kuja juu. Shigela ataleta ng'ombe wa nduguze. Ukoo utanipa eka tatu na wanaojua watazigawana, na mimi nitabaki na karatasi.

Jumanne, 23 Julai

Nimetembea mpakani kote. Nimeorodhesha wanaojua: Oswaldi, Rhoda, Shigela, Amos. Kila mmoja amepata kitu kwa sababu wengine hawajui.

Ijumaa, 26 Julai

Nimeshaamua. Sijaandika nilichoamua kwa sababu nikikiona kwenye karatasi nitakiogopa.

Ijumaa, 2 Agosti

Pombe ya ulezi mpya imeiva, siyo siki. Nimefua gauni jeusi. Nimefunga begi moja, nimeliweka nyuma ya mlango.

Jumamosi, 3 Agosti

Naandika saa kumi na mbili jioni, bado kuna mwanga.

Misa ilikwisha saa nne. Ukoo ulikaa uwanjani kati ya nyumba zetu mbili, watu ishirini na tatu, wanaume kwenye viti na benchi, wanawake kwenye mikeka. Rhoda alikuja kama jirani. Shigela alisimama nyuma na wageni wengine. Romani, mwenyekiti wa kitongoji, alikaa mezani na daftari la kuandikia maamuzi.

Oswaldi alisema kama alivyoahidi, na alisema vizuri. Alisema mdogo wake aliacha mwanamke mchapakazi, mwenye siri, anayejua kutunza. Alisema ukoo usiwe wa kumfukuza mjane kwa sababu hakuzaa. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Romani akafungua kalamu, akauliza kama mjane ana neno.

Nilisimama. Maneno nilikuwa nimeyapanga kama orodha ya stoo.

Nilisema hivi: kuanzia tarehe moja Juni mpaka tarehe nane Julai, chumba cha nyuma cha nyumba hii kilikuwa na bangi. Ililetwa na Oswaldi. Niliikausha mimi, kwa mikono yangu, kwa sababu aliniahidi maneno haya mliyoyasikia sasa hivi. Sehemu imeuzwa na sehemu nimeifukia. Rhoda anajua, ndiyo maana analima bondeni kwangu. Shigela anajua, ndiyo maana ng'ombe wake wamekula ulezi wangu. Mwakani Oswaldi anataka kuipanda ndani ya shamba hili. Sitaikausha tena wala haitapandwa. Nimesema ili asiwepo mtu hapa mwenye kitu cha kuninyamazia. Sasa amueni.

Nikakaa.

Oswaldi alikuwa mdomo wazi kidogo, kama samaki wake. Kisha akasema mimi nina wazimu, msiba umenipanda kichwani. Mzee mmoja akamwambia anyamaze. Mzee mwingine akasema nitolewe leo hii, kabla jua halijazama, nirudi Chanji nilikotoka. Wengi wakaunga mkono. Nilitazama begi langu kupitia mlango uliokuwa wazi.

Romani alifunga kalamu yake. Akasema kwa sauti kwamba alikuwa ametoka kidogo kupokea simu, hakusikia kilichosemwa, na wakimaliza wamwambie waliishia wapi. Alikuwa hajanyanyuka kwenye kiti.

Ndipo Mama Agnesi alipoongea kutoka mkekani, bila kuinuka. Hakunitazama.

"Mkimfukuza anaondoka na mdomo wake. Chanji kuna polisi wangapi?"

Akakunja kanga yake magotini, akaendelea.

"Oswaldi ana watoto sita. Huyu hana cha kupoteza, mmemwona alivyosimama. Mwandikeni shamba. Akae nalo hapa hapa, na mdomo wake ukae hapa hapa, tunapouona."

Mzee aliyetaka nitolewe akasema mama, unamtetea? Akajibu:

"Namtetea nani? Simpendi tangu siku ya posa. Nimezaa wa kiume wawili, mmoja nimemzika. Sitaki kumtembelea mwingine gerezani. Andika, Romani, simu yako imekwisha."

Romani akaandika. Nyumba na eka tatu, mipaka yote kama alivyoiacha marehemu, bondeni mpaka kijitoni. Mashahidi saba walisaini, na wa tatu alikuwa Oswaldi. Kalamu ilichana karatasi.

Pombe haikunywewa. Watu waliondoka wakiniacha na madumu manne.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeng'oa kabichi za Rhoda. Mia mbili na kumi. Nilizipanga kwenye mstari, mizizi upande wake, upande wa pili wa mpaka, nikapanda mti mwingine palipong'olewa ule. Alisimama mlangoni kwake amekunja mikono mpaka nilipomaliza. Akasema nitazikwa na nani? Nikasema na yeyote atakayekuwa na jembe.

Shigela alipita na ng'ombe saa tisa. Alifika kwenye kona ya shamba langu akasimama, akanitazama, akawapigia mluzi wakazunguka kwa nje, njia ndefu, wakinyanyua vumbi. Hakuniita mayu.

Alhamisi, 8 Agosti

Oswaldi amepanga mawe katikati ya uwanja, kutoka mwamba mpaka barabarani. Upande wangu una choo, wake una kisima. Nimeanza kuchota kijitoni.

Jumamosi, 10 Agosti

Jumuiya imesali kwa Christopha. Nilikwenda. Mkeka niliokalia ulibaki wangu peke yangu. Katika maombi hakuna aliyeniombea wala aliyenisema. Nilipoombea mvua za Novemba waliitikia, kwa sababu mvua ni ya wote.

Jumatatu, 12 Agosti

Upepo umegeuka. Nimelima upande wa juu tangu saa moja. Mama Agnesi alitoka na ndoo yake ya majivu, akafika kwenye mawe ya Oswaldi. Nilisimamisha jembe nikampa shikamoo kwa sauti ya kusikika.

Hakuitikia. Alimwaga majivu upande wake.

Nimelima mpaka saa saba.